Wote husema "muulizeni Mwalimu", nami naanza kusahau

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Nina umri wa miaka 67, mwalimu mstaafu wa hesabu, nakaa Wete. Nina sukari, natumia dawa zake, na presha napima kila mwezi. Naswali, napika, nakwenda sokoni peke yangu. Hili ninalokuandikia hakuna anayeliona isipokuwa mimi.

Tangu mama alipoacha, kupima karafuu msimu wa uchumaji ni kazi yangu. Wachumaji wakirudi jioni nakaa na pishi mlangoni, kila mmoja anamimina zake, nami nashika kichwani: huyu pishi 9, yule 11 na vibaba 2, mpaka watu 12. Baada ya Isha namtajia kila mtu zake. Sikuwahi kuandika. Msimu uliopita nikafika kwa mtu wa tano, nikaona wa kwanza ameshanitoka. Nikachukua daftari la mjukuu, nikawa naandika kwa siri na kulificha chini ya mkeka. Malipo yalitoka sawasawa msimu mzima. Mume wangu bado anawahadithia wageni kichwa changu kilivyo, na kila akinisifu najihisi kama mwizi.

Nilimwambia, akacheka. "Usahau wewe, unayekumbuka madeni ya 1984?" Binti yangu aliyeko Unguja akanambia hata yeye husahau simu alipoiweka. Bi Mshauri, kusahau simu nakujua, nimesahau vitu tangu ujana. Hili ni jengine. Zamani jambo lilikuwa linakuja lenyewe. Sasa nalivuta, linakuja, lakini nimechoka.

Nikaenda kwa daktari, kijana mwenye adabu. Akanipa maneno 5 niyashike, akaniuliza tarehe, akanichoresha uso wa saa, kisha akanitaka nitoe 7 kwenye 100 na niendelee kushuka: 93, 86, 79. Hesabu hiyo nimewasomesha watoto wa skuli miaka 34! Ni sawa na kumpima mvuvi kwa kumuuliza kama anajua kuogelea. Nilipata zote, akanambia, "Mama, uko salama."

Sikuondoka. Nikamwambia kipimo chake kimepima nilichokizoea, hakikupima nilichopoteza. Hapo akakaa vizuri tukazungumza. Alisema watu wa hali yangu wanajulikana kwa madaktari: mwenyewe anahisi kumbukumbu imeshuka, vipimo havioni kitu, na kwa aliyesoma sana upungufu huweza kujificha muda mrefu. Akaniuliza usingizi, huzuni, masikio, na dawa ninazotumia. Metformin, dawa yangu ya sukari, natumia mwaka wa 9, akasema ikitumiwa miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, na vitamini hiyo ikipungua kumbukumbu huyumba. Nikapimwa, pamoja na tezi ya shingo. Majibu yote mazuri, alhamdulillah.

Nikamuuliza wazi kuhusu maradhi ya Alzheimer. Akanijibu kwamba wengi wanaolalamika kama mimi hawafiki huko. Lakini hakunificha: wanaopata maradhi hayo, protini iitwayo amiloidi huanza kujikusanya kwenye ubongo miaka 15, hata 20, kabla watu wa nyumbani hawajaona lolote. Mtoto wa dada yangu anataka nipelekwe Dar es Salaam nikapigwe picha ya kichwa. Daktari akasema picha ya kawaida haioneshi protini hiyo.

Kinachonikosesha usingizi ni marehemu mama. Mwisho wake aliniita mimi kwa jina la mama yake, na ndani ya saa moja akauliza mara 5 kama Adhuhuri imeadhiniwa. Watu walisema amerejea utoto, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Lakini miaka mingi kabla ya hapo alianza kufunga fundo kwenye ncha ya kanga kila alipoagizwa kitu. Tulidhani ni mtindo wake tu. Sasa nalikumbuka fundo lile, naliona daftari langu chini ya mkeka. Alikuwa anajua, masikini, na hakuna aliyemuuliza. Kila baada ya swala naomba ile dua ya kukingwa na kurudishwa kwenye umri dhalili.

Na mashaka yangu si ya nafsi yangu peke yake. Shamba la baba lina mikarafuu zaidi ya 60, haijagaiwa, na haina karatasi. Miti 7 ya upande wa bondeni ni ya watoto wa ami, ingawa ardhi ni yetu. Mitatu babu aliiweka rehani, ikakombolewa mbele yangu, na shahidi mwengine ameshafariki. Ukitokea ugomvi wote husema, "Muulizeni Mwalimu," na neno langu linamaliza. Nikitangaza leo kwamba nasahau, kesho mbele ya sheha mtu atasema, mwenyewe si kakiri kichwa hakimo? Nikinyamaza na ikawa kama ya mama, miti ile itazikwa na mimi nikiwa bado hai.

Sikukuu ya Mfunguo Tatu ndugu zangu wote watakuja, na watoto wa ami pia. Nimewaza kuwatembeza shambani mti kwa mti, kijana mmoja aandike, wote watie saini. Watauliza kwa nini mwaka huu. Nikisema ni uzee tu, nitakuwa nimewaficha. Nikisema kweli, naogopa maandishi yenyewe yatatiliwa shaka kabla wino haujakauka.

Niwatembeze kwanza, watie saini, ndiyo niseme? Au haki yao ni kujua kabla hawajashika kalamu? Na mume wangu, ambaye nilimwambia akacheka, nimwambieje mara ya pili hata anisikilize?

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba