Kampeni za wanafunzi Nakuru: mwombeni mtu mmoja kitu kimoja

Mhariri,

Muhula unapokaribia kufungwa, kumbi za vyuo na shule za hapa Nakuru hujaa mabango ya kufufua mitaa. Picha ni nzuri, video zina muziki, wageni wanapiga makofi. Kisha mabango yanakunjwa, na mtaro uliopigwa picha unabaki umeziba vilevile. Sisi tunaofundisha kazi hii tunaona kasoro haiko kwenye vipaji vya vijana. Kasoro ni kwamba kampeni nzima haikumwomba mtu yeyote kitu chochote.

"Tuweke mji safi" si ombi. Anayelisoma ni mama mboga, dereva wa matatu, afisa wa kaunti na mwenye nyumba za kupangisha, na kila mmoja anadhani anaambiwa mwenzake. Ombi husema nani, afanye nini, wapi, na kabla ya siku gani. Tuseme wanafunzi wamechagua barabara moja katika wadi ya Flamingo, na kero yao ni kalvati, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. Ombi lao liwe hivi: "Idara ya mazingira ya kaunti izibue kalvati mbili za barabara hii, na kuliondoa tope siku hiyohiyo, kabla mvua ya Machi haijaanza." Afisa akilisoma atasema ndiyo, hapana, au si kazi yangu, na majibu yote matatu yana faida. Hayo maneno ya "siku hiyohiyo" msiyaone madogo. Mitaro mingi huzibuliwa, tope likarundikwa ukingoni, na mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani.

Jibu la "si kazi yangu" linaweza kuepukwa mapema. Mtaro wa kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret ni wa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Ndani ya mji kuna barabara za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na kuna za kaunti. Majitaka ni ya NAWASSCO, kampuni ya maji ya Nakuru, na takataka ni za kaunti. Kundi linalopeleka kwa kaunti malalamiko ya mtaro wa KeNHA hupoteza wiki mbili likizungushwa ofisi kwa ofisi, na katika mradi wa wiki nane hizo ni robo ya muda wote.

Kabla ya kamera, chukueni futi ya kupimia. Msichague mtaa mzima. Chagueni kipande cha mita 100, mkigawe kwa chaki vipande kumi vya mita 10. Katika kila kipande andikeni kina cha mtaro, kina cha tope, na kilichoziba ni nini. Fimbo yenye alama kila sentimita 5 inatosha. Mtaro wa sentimita 60 wenye tope la sentimita 45 umebaki na robo tu ya nafasi yake, na hiyo ndiyo tarakimu itakayobeba kampeni yote. Rudieni mara tatu: siku ya soko, asubuhi ya siku ya kawaida, na baada ya mvua.

Kipimo hiki huwaokoa wanafunzi na aibu moja tunayoiona mara kwa mara. Udongo wa hapa ni wa majivu ya volkano, mwepesi, husombwa na maji upesi. Si bure jina la mji huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la vumbi. Kwa hiyo mitaro mingi imejazwa na udongo wa barabara zisizo na lami kuliko na takataka za wachuuzi. Bango linalomlaumu mama mboga kwa plastiki, ilhali ndani ya mtaro ni mchanga mtupu, huangushwa na mhandisi wa kwanza atakayelisoma. Na mama mboga naye hatawasikiliza tena.

Plastiki ikiwa ndiyo nyingi kweli, semeni inakoenda. Mji umeinuka kuanzia miteremko ya Menengai na kushuka hadi Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia hakina njia ya kutoka. Hoja hiyo inaongeza msikilizaji mwingine mezani, yaani wasimamizi wa hifadhi ya ziwa hilo.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo kampeni nyingi hufia. Kuzibua mtaro ni kazi ya kawaida ya matengenezo, inaweza kufanyika wiki ijayo mkubwa akiamua. Kujenga mtaro mpya, choo cha soko au taa za barabarani ni mradi, na mradi usioingia kwenye bajeti haupo. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha Februari 28, na makadirio Aprili 30; mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Wanafunzi wanaodai choo kipya mwezi Mei wanaomba chakula vyombo vikioshwa. Ombi la kujenga liwasilishwe Julai au mapema Agosti, na la kuzibua Januari au Februari, kabla ya masika.

Tarehe ya pili iko kwenye Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mwananchi akiomba taarifa kwa maandishi, ofisi ya umma inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Barua ya kuuliza mtaro ulizibuliwa lini mara ya mwisho, na kwa pesa ngapi, basi iandikwe wiki ya kwanza. Ikiandikwa wiki ya tano, jibu huenda lisifike kabla ya onyesho. Mkitaka kufanya mkutano au maandamano barabarani, notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi itolewe si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla. Bango la kutundikwa barabarani huhitaji kibali cha kaunti, na droni huhitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa ndege, kwa hiyo isahauni droni. Paa la ghorofa lenye mlinzi mkarimu hutoa picha nzuri tu.

Kuhusu picha za watu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na mtoto hawezi kukubali bila mzazi au mlezi. Tengenezeni fomu ya nusu karatasi yenye jina, picha itatumika wapi, na hadi lini. Zaidi ya sheria kuna adabu. Wanaochambua taka katika jaa la Gioto wako kazini. Msimweke mtu kwenye bango kana kwamba yeye ni sehemu ya uchafu. Chungeni pia neno "wenyeji". Kwingine ni neno la heshima, lakini Nakuru lina kidonda, kwa kuwa linasikika kama kuwaita wengine wageni. "Wakazi" linatosha. Na mwanasiasa akijitolea kulipia uchapishaji ili sura yake ikae pembeni, mkataeni kwa upole, la sivyo nusu ya mtaa itaacha kusoma siku hiyohiyo.

Lugha ya matangazo ndiyo inayotusumbua zaidi. Wanafunzi huandika kwa Kiingereza maneno 75, kipimo cha tangazo la sekunde 30, kisha wanatafsiri. Maneno yetu ni marefu, msomaji anakimbia kama mnadani, na mwisho anakatwa na saa. Sekunde 30 hubeba maneno 55 hadi 60 ya Kiswahili, na yakipungua ni heri. Mfano:

(Mvua juu ya bati.) Sauti ya mama: "Inua gunia! Maji yameingia tena." Msomaji: "Mtaro wa barabara yetu una kina cha sentimita sitini. Arobaini na tano ni tope. Maji yapite wapi? Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kuna mkutano wa wadi katika ukumbi wa jamii. Njoo uulize swali moja tu: kalvati zetu zitazibuliwa lini?"

Hayo ni maneno 44, na nafasi iliyobaki ni ya mvua. Hakuna neno "mazingira", hakuna "uhamasishaji", hakuna "wadau". Sheng inaruhusiwa, ila ijaribiwe. Wasikilizisheni tangazo watu watano wasiojua mradi, wawili wakiwa wazee, na muulize swali moja: "Umeambiwa ufanye nini?" Wawili wakikosa, andikeni upya. Msiulize kama wamelipenda. Mtu mwenye heshima zake atasema ndiyo.

Kurekodi kwa simu kunatosha, mradi simu iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni na upepo uzuiwe kwa soksi safi iliyovishwa kwenye maikrofoni. Chumba chenye mapazia na godoro kinashinda ukumbi wa vigae, ambao hurudisha mwangwi. Video ya kusambaza kwa simu ipigwe wima, na maneno yaandikwe chini ya picha, kwa sababu abiria wa matatu hutazama bila sauti. Wanafunzi wa wadi ya London wana kero yao ya ziada: wakiweka jina la wadi peke yake mtandaoni, video inazama kwenye picha za mji ule wa Uingereza. Jina liungane na Nakuru daima.

Bango la karatasi lina makosa mawili ya kudumu. Kwanza ni picha iliyopitia WhatsApp. Karatasi ya A3 ikichapwa vizuri huhitaji pikseli 3,508 kwa 4,961. WhatsApp huipunguza picha ya kawaida hadi takriban pikseli 1,600 upande mrefu, na kwenye karatasi inatoka kama imechorwa kwa kidole. Tumeni kama faili, si kama picha. Pili ni ukubwa wa herufi. Herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri mtu akiwa mita 3; abiria aliye mita 12 anahitaji sentimita 10. Kwa hiyo bango la barabarani halibebi maneno zaidi ya saba, na nembo za wafadhili zikae chini kabisa. Chapisheni nakala moja kwanza. Buluu na kijani kibichi vinavyong'aa kwenye skrini hufifia kwenye karatasi, na ni afadhali mshtuke kwa nakala moja kuliko kwa arobaini.

Siku ya kuwasilisha, dakika 10 zinatosha na slaidi zisizidi sita. Ya kwanza iwe picha ya mtaro wenye fimbo ndani, na ombi lisomwe kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wengi huanza na historia ya mji, kuanzia reli hadi hadhi ya jiji mwaka 2021, mambo ambayo afisa aliye mbele yao anayajua kuliko wao, na wanapofika kwenye kalvati mwenyekiti anatazama saa. Slaidi ya pili ni vipimo, ya tatu ni mwenye mtaro na barua mliyomwandikia, ya nne ni tangazo, ya tano ni gharama zenye bei kutoka maduka matatu, ya sita ni ombi tena.

Stima hupotea. Fanyeni mazoezi mara moja bila projekta, mkiwa na nakala tano za karatasi. Video iwekwe pia kwenye simu ya mtu, maana ile iliyobandikwa ndani ya slaidi hukataa kucheza kwenye kompyuta ya wenyewe, na fonti nazo hubadilika zikavunja mistari. Hifadhini kila kitu kama PDF. Gawaneni maswali mapema: mmoja wa vipimo, mmoja wa pesa, mmoja wa sheria. Wote wakijibu kila swali, watapingana mbele za watu.

Kuna swali moja ambalo halikosi kuulizwa, hasa Bondeni na Kivumbini, kwenye nyumba za zamani zilizojengwa enzi za baraza la mji: "Mkishafufua huu mtaa, sisi tutapelekwa wapi?" Si swali la uchokozi. Mtaa ukipendeza, kodi hupanda na wachuuzi huhamishwa, na watu wanalijua hilo kuliko walimu. Kundi lisilo na jibu lisisimame. Jibu haliwezi kuwa ahadi, kwa kuwa mwanafunzi hana mamlaka ya kuahidi kodi ya mtu. Linaweza kuwa sehemu ya ombi lenyewe: kwamba kazi ifanyike bila kuondoa meza zilizopo, au kwamba zikiondolewa kwa siku mbili za kuchimba, zirudi palepale, na orodha ya majina ya wenye meza iambatishwe. Orodha hiyo wachuuzi wataiandika wenyewe mkiwapa daftari, na siku ya mkutano ndio watakaojaza viti.

Makofi yakiisha, kazi ya mwisho ni ya mtu mmoja mwenye bahasha. Ombi liwe kwenye ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja ibaki masijala, na ya pili irudi na muhuri wa "imepokelewa", tarehe na sahihi. Mwalimu aiweke kwenye faili pamoja na vipimo vya mita 100 na nywila za akaunti za kampeni, ili wanafunzi wa mwaka ujao waende na fimbo ileile, kwenye vipande vilevile kumi, saa ileile.

Wakufunzi wawili wa mawasiliano,
Nakuru