Mfumo wa siri wa kushinda: hesabu zake hizi hapa

Ndugu Mhariri,

Anayeshawishika kununua "mfumo wa siri" wa michezo ya bahati mtandaoni hasaidiki kwa kuambiwa kamari ni mbaya. Anachotaka kujua ni kama mfumo unafanya kazi, basi tumpe hesabu.

Unaouzwa sana ni wa kuongeza dau maradufu kila ukiliwa: 1, 2, 4, 8, mpaka ushinde. Ukiliwa mara 10 mfululizo umeshapoteza 1,023, na dau linalofuata ni 1,024, yote hayo ukisaka faida ya 1. Ruleti, gurudumu la kamari ambamo kijipira huangukia nafasi moja, ikiwa na sifuri moja ina nafasi 37, nyekundu ni 18. Ukishikilia nyekundu, balaa hilo hukupata takriban mara moja katika kila majaribio 780 ya kuanza upya. Tena meza huwa na kikomo cha dau, ambacho mara nyingi hukuzuia hata kabla mfuko haujakauka.

Orodha ya raundi zilizopita, ambayo programu za "utabiri" hujidai kuichambua, ni pambo tu: raundi mpya haizikumbuki zilizotangulia.

Mbona basi kuna watu wanaoapa kwamba mtabiri hakosei? Chukua watu 1,024. Nusu anawatumia "juu", nusu "chini". Raundi ikiisha, anaachana na waliotumiwa kosa na kuwagawa tena waliobaki: 512, 256, 128, 64, 32. Hao 32 wameona utabiri sahihi mara 5 bila kukosa, na ndio wanaodaiwa malipo. Wale 992 hawana habari kwamba wenzao wapo.

Mwanya wa kweli wa kujua matokeo mapema umewahi kupatikana. Mwaka 1999 wataalamu wa Reliable Software Technologies walichunguza programu ya poka, mchezo wa karata, ya mtandaoni ambayo watengenezaji wake walikuwa wamechapisha wenyewe kanuni ya kuchanganya karata, ili kuthibitisha kwamba ni ya haki. Kumbe mchanganyo ulianzia kwenye saa ya kompyuta, milisekunde tangu saa sita usiku, yaani mianzo 86,400,000 tu kwa siku, na kila mwanzo hutoa mpangilio uleule wa karata. Walipolinganisha saa yao na ya seva na kuona karata chache, waliweza kuzijua za wachezaji wote. Walihitaji kanuni yenyewe. Historia ya matokeo isingewafikisha popote. Na walipoutangaza, mwanya ukazibwa. Mwenye mwanya ulio hai hana sababu ya kuuuza kwa bei ya chakula cha mchana.

Anayetaka kumpima muuzaji amwambie aandike hadharani utabiri wa raundi 20 kabla hazijachezwa. Asipakue programu inayoomba ruhusa ya kusoma SMS, maana humo ndimo hupita namba za uthibitisho za benki. Na akague kiungo cha kujisajili alichotumiwa: kikiwa na msimbo wa muuzaji, huenda muuzaji huyo analipwa asilimia ya kila anachopoteza mteja wake.

Wasomaji wenu