Arubaini ya Mzee Fundi, Jumamosi hii

Assalaam aleykum wanakikundi, na wengine wote habarini za jioni. Hitma ya mzee wetu ni Jumamosi saa kumi na nusu baada ya Alasiri, nyumbani kwake Keko, sio karakana tena maana wanae wameomba iwe pale na mi naona wana haki, yule mzee hata oda zibane vipi chakula cha usiku lazima ale na familia, mteja atasubiri.

1. Mchango elfu 10 kila mtu, mwisho Alhamisi usiku. Tumeni kwa mweka hazina namba ile ile, na jina muweke jamani.

2. Vijana wa karakana njooni saa nne asubuhi tufunge turubai. Mchele na nyama vishalipiwa, bado kuni na viungo vya pilau, nani anachukua?

3. Randa, patasi na misumeno yake mama amesema wapewe vijana aliowafundisha, kwahiyo alieazima chochote arudishe, hatuulizi maswali.

Afu mwenye picha za kazi zake atume humu, vile vitanda vya mninga, milango ya mkongo, na lile kabati alilopachika mbao kwa mbao bila msumari hata mmoja, mi ndo nalipenda kuliko yote.

Andika NIPO au SIPO kabla ya kesho saa sita mchana, na idadi ya mtakaokuja nao, tujue sahani ngapi. Kimya hatukihesabu.