Spidi mnaibana wenyewe halafu mnaniambia nizime ruta

Kwa: Kitengo cha Huduma kwa Wateja

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUBANIWA SPIDI KWA KUCHAGULIWA, PAMOJA NA JIBU MLILONIPA

Habari za kazi jamani,

Jibu lenu nimelipata, lile la ndugu mteja tunaomba uzime ruta usubiri kidogo halafu uwashe. Nilishazima na kuwasha hata kabla hamjaniambia, maana hilo ndo jibu lenu kwa kila kitu hata mtu akilalamikia bili. Shida sio ruta. Naomba safari hii barua isomwe na fundi wa upande wa mtandao, yeye nadhani ataelewa haraka sana ninachosema, tena inawezekana anakijua kuliko mimi.

Kila jioni simu za video zinakatakata, sauti inafika picha imeganda, na video za YouTube zinashuka ubora mpaka sura za watu unakisia tu. Wakati huo huo, ruta hiyo hiyo, nikifungua aplikesheni yenu ya filamu inateleza, picha kali, haizungukizunguki hata kidogo. Nikienda kwenye tovuti za kupimia spidi naambiwa spidi ni kamili kama nilivyolipia. Nikiwasha VPN, ile programu ya kuficha mawasiliano, yaani pale ambapo hamuoni tena nafungua nini, zile video zilizokuwa zinasota zinafunguka. Najua fundi wenu atasema VPN inaweza kupitisha data njia nyingine isiyo na foleni, inawezekana kweli, sikatai, ila mbona njia iwe nyembamba kwa wengine siku zote na pana kwenu siku zote? Na kama sehemu mnayopokelea data za hao wengine imejaa na mmeiacha ijae makusudi mkisubiri walipe ndo muipanue, kwangu mimi mteja ni yale yale. Marekani mwaka 2014 Netflix waliishia kuilipa Comcast, kampuni ya intaneti, ili waunganishwe moja kwa moja, baada ya miezi ya video kuzorota kwa wateja ambao walikuwa tayari wanalipia intaneti yao kila mwezi. Upande mmoja mteja analipa, upande wa pili mwenye video naye analipa, data ni ile ile.

Mi nilinunua intaneti. Sikununua intaneti ya video zenu na za wengine kwa hisani. Posta haisomi barua ndani ya bahasha ndo iamue ifike leo au wiki ijayo, nyie mnafanya hivyo halafu mnaita usimamizi wa mtandao.

Sasa kilichoniudhi kuliko yote ni yule mhudumu wenu mliyeniunganisha naye baadaye (alikuwa mpole, simlaumu, anasoma alichoandikiwa) akaniambia kama siridhiki niko huru kuhama kampuni, na kwamba mambo haya hayahitaji serikali kuingilia, soko litajirekebisha lenyewe. Soko lijirekebishe vipi wakati mteja haoni kinachofanyika? Ningejuaje kama mnabana kama nisingekuwa mtu wa kuhangaika na mavipimo? Wateja wengi wataona video inasota watailaumu ile aplikesheni, wataifuta, watahamia ya kwenu, na mtasema wamechagua wenyewe. Na kuhama sio kubadilisha shati, kuna mkataba, kuna ada ya kuuvunja, na mara nyingi waya unaofika kwenye jengo ni wa kampuni moja tu.

Tena hata pale kampuni zilipobanwa zijibu zimewahi kukataa. Mwaka 2007 watumiaji wa BitTorrent, mfumo wa watu kugawiana mafaili kompyuta kwa kompyuta, huko Marekani waligundua Comcast inakatisha mawasiliano yao kwa kutuma ujumbe wa uongo unaojifanya umetoka kwa kompyuta ya upande wa pili kwamba tumemaliza, kata. Kampuni ilikana mwanzoni mpaka waandishi wa habari walipofanya majaribio yao wakaona ni kweli. 2008 mamlaka ya mawasiliano, FCC, ikawaambia waache, 2010 mahakama ikasema FCC haikuwa na nguvu ya kisheria kuagiza hivyo. Yaani kosa limeonekana, limethibitishwa, na anayepaswa kuzuia anaambiwa hana mamlaka.

Ndo maana mi nasema serikali iweke kanuni, na naomba niwe wazi nataka kanuni ya namna gani. Sisemi data zote zitendewe sawa kijinga, simu ya sauti haiwezi kusubiri kama faili linalopakuliwa usiku, hilo kila mtu anaelewa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015 inaruhusu kabisa kusimamia msongamano ila kwa sababu za kiufundi zilizo wazi, sio kwa sababu za kibiashara. Hapo tu. Mkibana video zote jioni kwa sababu laini imejaa, nitanung'unika lakini nitaelewa. Mkibana za wengine na kuacha za kwenu huo ni upendeleo.

Na hili linagusa ile ofa yenu ya "filamu zetu hazili bando". Inaonekana ni zawadi, najua hata nyumbani kwangu kuna wanaoipenda. Ila bando likiisha kila kitu kinakuwa kama konokono isipokuwa aplikesheni yenu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya Septemba 2020, kwenye kesi ya kampuni ya simu ya Telenor ya Hungary, ilisema mpango wa aina hiyo unavunja kanuni. India nayo mwaka 2016 ilipiga marufuku kutoza bei tofauti kulingana na kinachofunguliwa, hata Free Basics ya Facebook, huduma ya kufungua tovuti chache tu bila malipo, iliyosemwa ni ya kusaidia maskini, ikaondoka.

Mnaweza kunijibu kwamba kanuni zinaua uwekezaji. Kinachomchosha mwekezaji nadhani ni kanuni kugeuka geuka. Marekani wameweka 2015, wakafuta 2017, wakapiga kura kurudisha 2024, Januari 2025 mahakama ya rufaa ikafuta tena. Kwa hiyo bora iwe sheria ya bunge kama Chile walivyofanya 2010, sio uamuzi wa mamlaka unaobadilika kila uongozi ukibadilika. Na kwa wale wanaoogopa kwamba ukiiruhusu serikali iingie itashika swichi na kuzima mitandao, hofu hiyo ninayo hata mimi, serikali zinazozima intaneti zipo. Lakini sheria ya kuwakataza nyie kuchagua haimpi mwingine ruhusa ya kuchagua, na iandikwe hivyo hivyo, marufuku kwa wote wawili.

Ninachotaka kwenu sasa ni hiki. Nijibiwe kwa maandishi kama kwenye laini yangu kuna huduma inayobanwa, ni ipi, saa ngapi na kwa kigezo gani, na kama hakuna mseme hakuna, kwa jina la afisa anayehusika. Kama kipo kibano kitolewe. Na kama hamkitoi basi niruhusiwe kuvunja mkataba bila faini, maana mliniuzia kitu kimoja mkanipa kingine. Vipimo vyangu nimeviambatanisha, vya bila VPN na vya na VPN, vina tarehe na saa.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mamlaka ya mawasiliano. Wakisema hawana kifungu cha kuwabana nacho, nitaandika kwa mbunge wangu na jibu lenu nitaliambatanisha, lile la kuzima ruta.

Wenu,
Mteja (namba ya akaunti iko kwenye barua pepe)