Miembe ya Ujiji ihesabiwe kabla haijaisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya miembe mikongwe ya Ujiji, ile iliyo kando ya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi huku ziwani. Inakatwa mmoja mmoja, na kila mkataji ana sababu yake: leo kiwanja, kesho fremu za duka, keshokutwa mkaa.

Nilijaliwa kufika Carnac, katika jimbo la Brittany huko Ufaransa. Watu wa kale, yapata miaka 6,000 iliyopita, walisimika pale mawe ambayo hadi leo yamebaki zaidi ya 3,000, yamejipanga mashambani kwa karibu kilomita nne. Sehemu iitwayo Le Ménec peke yake ina safu 11. Upande wa magharibi yanakupita kimo kwa mbali, kisha yanapungua kadiri unavyokwenda mashariki, mpaka yanakufika kiunoni. Jiwe moja moja ni jiwe tu. Safu ndiyo inayokusimamisha.

Hata wenyeji wa huko waliyachezea mawe yao. Kwa miaka mingi watu waliyabeba kujengea. Baadaye Zacharie Le Rouzic, mzaliwa wa hapohapo, aliinua mengi yaliyoanguka, na aliloliinua alilitia alama ndogo ya saruji nyekundu. Niliinama nikaitazama: kidoa tu, lakini kinakuambia bila kificho kwamba jiwe hili lilianguka likarudishwa. Hata miguu ya wageni ilileta hasara, nyasi zikafa na udongo ukamomonyoka, ndipo mwaka 1991 wakaanza kuweka uzio. Mwaka 2025 UNESCO ikayaingiza katika Urithi wa Dunia.

Njia yetu ya misafara imo katika orodha ya awali ya UNESCO, ile ya maeneo yanayosubiri kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, tangu 2006, na Ujiji imetajwa humo. Wageni wanakuja kuona mahali Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871, wanapiga picha penye mnara, wanaondoka. Waliopita hapa shingo zikiwa kwenye minyororo, wengine wakiwa wamevushwa ziwa kutoka Kongo, hawakujengewa mnara wa namna hiyo. Wana miembe hii. Ukiukata mmoja, anayesimama chini ya unaofuata hawezi tena kuona njia ilielekea wapi, na hilo linaniuma sana.

Naiomba manispaa yetu iihesabu miembe yote, kila mmoja upewe namba na uonekane kwenye ramani ya viwanja kabla ya upimaji mwingine. Palipobaki kisiki, upandwe mche papo hapo, utokane na kokwa za miembe hiyohiyo, na uwekewe kibao chenye mwaka wa kupandwa ili asitokee mtu wa kumwambia mgeni kuwa ni wa kale. Wazee wanaokumbuka mwembe gani ulikuwa wapi bado tunao mitaani. Maafisa ardhi watembee nao njia nzima mwaka huu, mvua za msimu zisije zikakuta mashimo ya kupandia bado hayajachimbwa.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma