Gesi isituondolee chungu jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chungu cha kupikia. Tangu Serikali ilipozindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, mitungi ya gesi imeingia katika nyumba nyingi hapa Dodoma. Ninaunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwa sababu moshi umewaumiza mama zetu macho na vifua kwa muda mrefu mno. Linalonisikitisha ni kwamba tukiyaacha mafiga tunakiacha na chungu, kwa maelezo kwamba kikibandikwa kwenye gesi kinapasuka.

Chungu chetu cha kawaida, ambacho huchomwa kwa moto wa wazi wenye joto dogo kuliko la tanuri, huweza kupasuka kweli. Lakini Wajapani, ambao majumbani mwao gesi imeenea, wana chungu chao kiitwacho donabe na hukibandika juu ya moto huo huo bila wasiwasi. Vyungu hivyo hufinyangwa hasa katika miji ya Iga na Yokkaichi, mkoani Mie. Udongo wa Iga ulikuwa tope la ziwa la kale. Masalia ya mimea yaliyomo huungua tanurini na kuacha vitundu vidogo sana, ndiyo maana chungu chake hupata moto polepole na kuutunza kwa muda mrefu. Wafinyanzi wa Yokkaichi, kwa upande wao, huchanganya udongo na madini ya petalaiti ili chungu kisitanuke sana kinapopata joto, na petalaiti hiyo kwa miaka mingi wameinunua Zimbabwe. Afrika, basi, imechangia uimara wa chungu cha Japani, nasi tunaambiwa chungu na gesi havipatani!

Zipo pia taratibu za matumizi, na kila mpishi wa huko huzizingatia. Chungu kipya hupikiwa kwanza uji wa mchele, ili wanga uzibe vile vitundu. Kitako hukaushwa kabisa kabla ya kubandikwa, moto huanza mdogo, na chungu chenye moto hakimiminiwi maji baridi. Wali hukaa motoni kama robo saa, mpaka mvuke utoke kwa nguvu kwenye tundu la mfuniko. Hapo gesi huzimwa, na wali hujiivia wenyewe kwa dakika 20 hivi kwa joto lililobaki katika udongo. Kwa mwenye kununua gesi kwa fedha yake, hiyo ni akiba.

Tena chakula cha donabe Wajapani hawakipakui jikoni. Chungu huletwa katikati ya meza, mara nyingi juu ya jiko dogo la gesi, kikiwa na mboga, samaki au nyama vinavyoendelea kuchemka, na kila mtu hujipakulia. Mchuzi unaobaki hutiwa wali au tambi, ukaliwa wote. Hapo ndipo ninapoufikiria mlenda wetu wa karanga, ambao utamu wake uko katika umoto wake. Hivi karibuni, katika mgahawa mmoja wa mjini hapa, niliuagiza kwa ugali wa uwele, ukaletwa ndani ya chungu kizuri. Nilipokigusa, kilikuwa baridi: mboga ilipikwa kwenye sufuria na kumiminwa humo ili ipendeze machoni, na kabla sijafika nusu ya ugali ilikwishapoa. Huko ni kukidhalilisha chungu na mfinyanzi wake.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) ina makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Ninaiomba iupime udongo wanaoutumia wafinyanzi wa mkoa huu, iwaeleze ni upi unastahimili moto wa gesi na uchanganywe na nini. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nayo iwasaidie kupata tanuri la pamoja, maana udongo mzuri usipochomwa vizuri hautafaa kitu. Wakati tukisubiri, wenye migahawa wanaweza kupika mlenda katika chungu cha kawaida juu ya moto mdogo wa mkaa, wakakiweka juu ya kata, ile pete ya kukalishia chungu, na kukileta mezani kikiwa bado kinatokota.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma