Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Badminton, Cardiff

Ndugu wanachama,

Mazoezi ya Alhamisi yaliendelea, bonanza la Pasaka lilifanyika, nyavu mbili zilibadilishwa, na bei ya ukumbi haikupanda baada ya mimi mwenyewe kufuatilia. Hayo mnayajua.

Nije kwenye uwanja namba 3, uliozua maneno mengi. Kwa pendekezo langu, kamati iliutenga kwa mchezo wa mmoja mmoja. Mnalalamika kwamba wawili wanakalia nafasi ya wanne. Ni kweli. Lakini Kelly Morgan aliiletea Wales dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur 1998, katika mchezo huohuo wa mmoja mmoja. Kwenye michezo hiyo Wales hucheza kwa jina lake. Kwenye Olimpiki huingia katika timu moja ya Uingereza, ikigombea nafasi chache na wachezaji wa England na Uskoti. Morgan alizigombea akacheza Athens 2004. Nchi ndogo kama hii ilifika huko kwa mchezaji aliyeweza kuumiliki uwanja peke yake.

Wapo waliosema enzi zake ilikuwa rahisi kwa kuwa seti ya wanawake iliishia pointi 11. Si hivyo. Pointi ilikuwa ya anayeanzisha tu. Anayepokea akishinda, alipata zamu ya kuanzisha na matokeo hayakubadilika. Mchezo ungeweza kurefuka sana. Tangu 2006 kila mara mchezo unapokatika kuna pointi, hata kwa anayepokea, hadi 21, kwa hiyo uzembe unaulipia papo hapo.

Na uzembe wetu unajulikana. Uwanja wa mmoja mmoja una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 5.18. Wengi wetu tukipiga juu ili kukifikisha nyuma ya uwanja wa mpinzani, kinyoya (tunachokipiga badala ya mpira) kinaishia katikati, kwa sababu tunakigusa kikiwa kimeshapita bega. Kisha tunasimama kukitazama, na mpinzani anakishindilia. Dawa ni zoezi la pembe sita (mbili za mbele, mbili za kando, mbili za nyuma) bila kinyoya: sekunde 30 kazi, sekunde 30 mapumziko, mara 8, ukirudi katikati kila baada ya pembe. Huwezi kulifanya watu wanne wakiwa uwanjani.

Kuhusu vinyoya: cha manyoya halisi kina manyoya 16 na uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50. Hita za ukumbi wakati wa baridi huyakausha, yanakatika mapema. Fungua mkebe wa vinyoya pande zote mbili, upitishe juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, ufunge, uuache hadi kesho yake. Niliwaandikia jambo hili Oktoba. Wachache walilifuata, na mnaona tulichotumia.

Mapato: ada pauni 1,380, bonanza 790, jumla 2,170. Matumizi: ukumbi 1,420, vinyoya 610, nyavu 84, jumla 2,114. Salio pauni 56. Wanachama 41, waliolipa 23. Wengine 18 wanadaiwa pauni 60 kila mmoja, yaani 1,080. Fedha hizo zingetosha kukodi uwanja wa nne, na mzozo huu usingekuwapo.

Mkutano wa Machi uliahirishwa kwa kukosa akidi: walikuja 9, walihitajika 14. Walalamikaji wa uwanja namba 3 hawakuwapo, ingawa taarifa niliituma wiki tatu kabla.

Mwakani tunatarajia, uwezo ukiruhusu, kupata kocha wa vijana na pengine kuingia mashindano ya nje. Uwanja namba 3 unabaki ulivyo hadi mkutano wenye akidi uamue vinginevyo.

Mwenyekiti